Farasi wasio na ardhi: neno langu kwa wanaocheza pari Butembo na Beni

Ijumaa iliyopita mvua ilinikuta karibu na soko kuu la Butembo, nikaingia katika nyumba moja ya pari ili nijikinge. Sikuwa na nia ya kuandika chochote. Ndani kulikuwa na vijana kama ishirini, motari watatu waliokuwa wameegesha pikipiki zao mlangoni, mama mmoja mwenye beseni la vitumbua, na mtoto wa shule mwenye shati jeupe na suruali ya bluu saa ambayo alipaswa kuwa darasani. Wote walikuwa wanatazama ukutani, kwenye televisheni. Farasi sita walikuwa wanakimbia.

Kijana mmoja aliyesimama kando yangu alikuwa ameshika tikiti ya franka 5.000. Tuliongea. Alikimbia Kirumba na familia yake katikati ya mwaka 2024, wakati Kanyabayonga ilipoanguka na watu wakapanda barabara ya Lubero wakiwa na magodoro kichwani. Leo wanaishi watu saba katika chumba kimoja walichopewa na jamaa, komini ya Vulamba. Ile franka 5.000 ilitoka kwenye pesa za msaada ambazo mama yake alipokea kwa simu juma lile. Hakunificha. Alisema, "Papa, namba 4 haijatoka tangu asubuhi. Lazima itoke sasa."

Nikamuuliza hawa farasi wanakimbilia wapi. Akajibu bila kusita, "Ufaransa." Nikauliza tena, chini yao kuna nini, majani ama mchanga? Hapo chumba kizima kilicheka. Msichana anayekata tikiti akanihurumia, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, hawa hawakimbii popote. Hawa ni wa mashine."

Namba 4 ilikuwa ya tano.

Nimelifikiria swali langu lile tangu siku hiyo, na naona halikuwa la kijinga kama walivyodhani. Katika mbio za farasi za kweli hilo ndilo swali la kwanza ambalo mchezaji mwenye akili huuliza: chini kuna nini? Naomba ndugu wasomaji, na ninyi mnaosomewa kwenye simu ya jirani huko kwenye familia zilizowapokea, mnivumilie nieleze, maana humo ndimo pesa zetu zinamopotelea.

Motari wetu wataelewa haraka kuliko profesa yeyote. Barabara ya Butembo kwenda Beni ni kilomita kama 54. Motari yuleyule, pikipiki ileile, atakupa bei moja siku ya jua na bei nyingine siku ya matope, na ukimwambia abebe magunia mawili ya kakao baada ya mvua atakutazama kama mgonjwa. Kuna dereva anayejua kuteleza kwenye udongo mwekundu na kubaki wima, lakini ukimweka kwenye lami anapitwa na kila mtu. Farasi ni hivyohivyo. Mwenye kwato pana na mwendo mrefu anapenda majani yenye unyevu. Mwingine mwenye nguvu ya kuruka kutoka mlangoni anapenda udongo mgumu, aende mbele na kuwarushia wenzake mchanga usoni hadi wakate tamaa.

Kwa muda mrefu dunia ya mbio ilikuwa na ardhi za aina mbili hasa: majani, kama Ulaya na kama kule Ngong mjini Nairobi, ambako wakenya wanakimbiza farasi tangu 1954, na udongo wa mchanga, kama Marekani. Kisha ikaja ardhi ya tatu, ya kutengenezwa. Wanachukua mchanga safi, wanauchanganya na nyuzi za plastiki na mpira uliosagwa, halafu mara nyingi wanaupaka wote nta ili usishike maji. Chini yake wanaweka tabaka linalopitisha maji moja kwa moja kwenda kwenye mifereji. Mvua ikinyesha, maji hayasimami. Baridi ikija, ardhi haigandi haraka. Kila kampuni ina mchanganyiko wake na jina lake: kuna Polytrack, kuna Tapeta, kuna Fibresand. Wafaransa wao wanaandika PSF, yaani njia ya mchanga wenye nyuzi. Deauville wanayo tangu 2003, na Chantilly na Cagnes-sur-Mer wanayo pia. Anayecheza kwa kufuata orodha za mbio za Ufaransa aliwahi kuona herufi hizo tatu pembeni ya jina la mbio. Wangapi kati yetu waliwahi kuuliza maana yake?

Kwa nini waliitengeneza? Sababu nzuri ipo, na tuiseme kwanza. Farasi wanavunjika miguu, na farasi aliyevunjika mguu mara nyingi anauawa palepale uwanjani. Katika hesabu zilizokusanywa Marekani kwa miaka mingi, ardhi hii ya kutengenezwa imeua farasi wachache kuliko udongo. Sitaki mtu aseme nimeficha hilo.

Lakini sababu ya pili ni ya biashara. Uingereza walianza mwaka 1989, Lingfield na Southwell, kwa sababu wakati wa baridi viwanja vya majani vinaganda, mbio zinafutwa, na nyumba za pari zinabaki na wateja wasio na kitu cha kuchezea. Siku isiyo na mbio ni siku ya hasara kwa mwenye duka. Ardhi mpya iliondoa hasara hiyo: mbio Januari, mbio usiku chini ya taa. Na kwa kuwa wenye farasi hawana hofu ya matope, hawawatoi farasi wao dakika ya mwisho, hivyo kila mbio inakuwa na farasi wengi zaidi, na penye farasi wengi watu wanaweka pesa nyingi. Nakuomba ulishike neno hili moja: mvua na baridi vilikuwa vinasimamisha mchezo, vikaondolewa. Nitalirudia mbele.

Sasa, ardhi hii iliwafanya nini wacheza pari? Iliwavuruga. Mchezaji wa kweli wa farasi hutazama daftari: farasi huyu alikimbia wapi, alikuwa wa ngapi, kwa muda gani. Daftari la udongo halisomeki vizuri kwenye nta. Farasi aliyezoea kuongoza tangu mwanzo alijikuta anachoka mita 200 za mwisho, na yule aliyekuwa akijikokota nyuma akawapita wote, maana mchanga wenye nta haumpigi usoni kama udongo. Waliojua kusoma mbio kwa miaka thelathini walianza kupoteza kama watoto.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa tarehe 25 Oktoba 2008, kule Santa Anita, California. Jimbo hilo lilikuwa limeviamuru viwanja vyake vikubwa kuweka ardhi ya kutengenezwa kufikia mwisho wa 2007. Katika mbio kubwa za mwisho wa mwaka, Breeders' Cup Classic, alikuwepo Curlin. Huyo alikuwa farasi bora wa Marekani wa 2007, alishinda mbio zilezile mwaka uliotangulia na alishinda pia Kombe la Dunia la Dubai mwezi Machi 2008, na zote hizo zilikuwa juu ya udongo. Pesa za umma zilikuwa juu yake. Walipoingia mita za mwisho alionekana anakwenda kushinda, kisha akasimama kama gari lililoishiwa mafuta, akamaliza wa nne. Wa kwanza alikuwa Raven's Pass, wa pili Henrythenavigator, wote wawili kutoka Ulaya, farasi wa majani. Raven's Pass alilipa zaidi ya mara 13. Waliomchagua wengi wao hawakuota ndoto. Walikuwa wameelewa kwamba mchanga wenye nta unafanana zaidi na majani kuliko udongo, na kwamba Curlin hakuwahi kushindana juu yake.

Hadithi haikuishia hapo. Ardhi ileile ya Santa Anita ilikuwa imeshindwa kupitisha maji Januari 2008, mbio zikafutwa, wakaibadilisha mchanganyiko. Mwishoni mwa 2010 waliichimba yote na kurudisha udongo. Keeneland kule Kentucky waliiweka 2006 na kuiondoa 2014. Na Dubai, mji ambao wafanyabiashara wetu wa Butembo wanaujua kuliko Kinshasa, walifungua uwanja wa Meydan mwaka 2010 ukiwa na Tapeta, wakakimbiza Kombe lao la Dunia juu yake mara tano, kisha mwaka 2015 wakarudi kwenye udongo. Wengine nao walifuata njia ya kinyume: Gulfstream Park ya Florida iliongeza Tapeta mwaka 2021. Kwa hiyo anayecheza farasi leo lazima ajue si tu jina la uwanja bali pia mwaka, maana uwanja uleule una maisha mawili au matatu. Zaidi ya hapo, nta ni nta. Jua likiwaka inalainika, asubuhi ya baridi inashikana. Mbio za saa nne na mbio za saa kumi kwenye uwanja mmoja siku moja haziko sawa.

Vijana wetu wa mpira wanalijua jambo hili kwa upande mwingine. Uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo una majani ya plastiki. Timu inayokuja kutoka mahali pa majani ya kweli huona mpira unadunda vibaya, wachezaji wanalalamikia magoti. Anayeweka pari na hajui hilo anawapa wengine pesa zake. Mpira lakini tunautazama na tumeucheza. Farasi hatukuwahi kumwona. Mimi nina miaka hamsini na mbili, nimetembea Oicha, Kasindi, Lubero, Bunia, na katika maisha yangu yote sijaona farasi anayekimbia mbele ya macho yangu. Punda niliona, Uganda.

Kwa hiyo hata tungekuwa tunacheza mbio za kweli, kijana wa Vulamba mwenye tikiti ya 5.000 anashindana na nani? Katika mfumo wa Wafaransa, pesa za wachezaji wote zinawekwa katika chungu kimoja, kampuni inachukua sehemu yake, na kinachobaki wanagawana walioshinda. Takriban robo tatu hurudi kwa wachezaji, robo nyingine inaondoka. Maana yake humpigi mwenye duka. Unashindana na wachezaji wenzako, na kati yao wako watu wa Paris na wa Lyon ambao kazi yao ni hiyo, wenye kompyuta, wenye daftari la kila farasi juu ya kila ardhi, wanaojua jana usiku PSF ilimwagiwa maji kiasi gani. Wewe unajua namba 4. Na ukirudisha ushindi wako mchezoni, robo inakatwa tena na tena: franka 1.000 inakuwa 750, inakuwa 562, inakuwa 421, na mara ya nne inakuwa 316. Wapo watakaopata zaidi na wapo watakaopata sifuri, ila wote kwa pamoja wanakwenda hivyo.

Hata hivyo nasema mtu yule anayecheza mbio za kweli bado ana kitu mkononi. Anaweza kujifunza. Anaweza kusoma, akajua Deauville mchanga, Longchamp majani, akajua kuacha siku asiyoelewa. Ni mchezo mgumu, wengi wanapoteza, lakini ndani yake kuna ujuzi.

Katika nyumba niliyoingia Ijumaa hakuna ujuzi wa kupata. Hao farasi wa mashine wamechorwa. Kabla hawajaanza kukimbia, programu imeshachagua namba, kama mtu anayetoa kikaratasi ndani ya kofia, na picha inakuja baadaye ili kutufurahisha. Majani tunayoyaona pale chini ni rangi. Mchoraji angetaka, angeweka lami ama maji ya ziwa, na mshindi angekuwa yuleyule. Uingereza, Aprili 2020, ugonjwa wa Covid ulipofuta mbio kubwa ya Grand National, waliionyesha ya kompyuta kwenye televisheni. Potters Corner alishinda, naye farasi wa kweli siku hiyo hakutoka kokote. Wale lakini walitangaza wazi kwamba ni ya kompyuta, na faida ya pari ikapelekwa kwa wahudumu wa afya. Kwetu kijana anaamini ni Ufaransa.

Nilisema nitarudia neno. Kwanza walikuwa na ardhi ya kweli, na mvua ilikuwa na nguvu ya kufunga duka. Wakaja na ardhi ya kutengenezwa, mvua ikanyang'anywa nguvu hiyo, lakini bado farasi alihitaji kupumzika, mpanda farasi alihitaji kula, na mbio zilikuwa mbili au tatu kwa saa. Sasa hakuna ardhi kabisa, hakuna farasi, hakuna usiku. Mbio inakuja kila baada ya dakika chache, kuanzia duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Kila hatua ilimwondolea mchezaji nafasi ya kusimama, kuvuta pumzi na kuhesabu kilichobaki mfukoni. Kilichobaki cha kumsimamisha ni umeme kukatika ama mfuko kuwa mtupu.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa franka. Tuseme kuna farasi sita wa mashine, wote wana nafasi sawa, na duka linalipa mara tano. Vijana sita wanaweka 1.000 kila mmoja, kila mmoja na farasi wake. Duka linapokea 6.000. Mmoja anashinda, anapewa 5.000, anapiga kelele, mtaa mzima unasikia. Ile 1.000 iliyobaki haipigi kelele. Sasa weka mbio moja kila dakika tatu: ni mbio 20 kwa saa, na vijana wale sita kwa pamoja wameacha 20.000 dukani kabla ya saa kwisha, ingawa kila dakika tatu kulikuwa na mshindi. Ndiyo maana ukiingia mle ndani unasikia furaha tu. Kimya kinakuwa nyumbani.

Na ile habari ya namba 4 ambayo haijatoka tangu asubuhi, niiseme waziwazi kwa sababu nimeona watu wenye diploma wanaiamini, wana vikaratasi vya matokeo, wanapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Mashine haikumbuki asubuhi. Haina deni na namba 4. Mama akizaa wasichana watano, wa sita hana lazima ya kuwa mvulana, wazee wetu wanalijua hilo kwa uchungu na kwa furaha. Farasi wa kweli anakumbuka: anachoka, anapona, anapenda mchanga, anachukia matope. Kusoma historia ya farasi wa kweli kuna maana. Kusoma historia ya picha ni kusoma alama za tope ukutani.

Ninajua nitajibiwa nini, maana nilishajibiwa palepale mlangoni mvua ilipokatika. Motari mmoja aliniambia, "Papa, ukituondolea pari utatupa nini?" Sina la kumjibu kwa wepesi. Mashamba ya upande wa Mbau na Eringeti hayafikiki bila kuhofia panga. Upande wa kusini wa Lubero ni vita ya aina nyingine. Goma ilianguka Januari 2025, benki za huko zikafungwa, na biashara iliyokuwa ikipanda na kushuka ile barabara imekufa nusu. Tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye chumba cha watu saba anatafuta mahali pa kukaa pakavu, penye televisheni na wenzake, mahali ambapo hakuna mtu anayemuuliza karatasi. Nyumba ya pari inampa hayo yote. Inaajiri pia: yule msichana wa tikiti analisha wadogo zake. Na wapo walioshinda, mmoja mtaani kwangu alinunua pikipiki. Watu wanaosema pari ni ya wavivu hawajawahi kukaa miezi tisa wakingoja orodha ya msaada.

Kwa hiyo sijaandika ili meya afunge nyumba hizi. Akizifunga zitahamia vyumba vya nyuma na simu za mkononi, na huko ni kubaya zaidi. Ninataka karatasi ukutani. Karatasi moja, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, chini ya kila televisheni. Kama mbio ni ya kweli, iandikwe inakimbizwa wapi na juu ya nini: majani, udongo, ama mchanga wenye nta. Kama ni ya mashine, iandikwe hivyo: hawa si farasi, ni namba zinazochaguliwa na kompyuta. Na chini yake iandikwe katika kila franka 1.000 duka linabaki na ngapi. Muuza sukari analazimishwa kuonyesha mizani. Muuza nyama sokoni tunamuuliza kama ni ng'ombe ama mbuzi, na akitudanganya tunagombana naye. Kwa nini anayetuuzia farasi hatumuulizi ni farasi wa namna gani?

Nina la pili, na hili ni kwa mashirika yanayogawa pesa kwa wakimbizi wa ndani na kwa wakubwa wa mitaa ya Butembo na Beni. Mnajua siku za kugawa, na wenye nyumba za pari wanazijua pia. Nenda Beni siku ya mgao uone foleni ya pili inavyoanzia pale foleni ya kwanza inapoishia. Siku hiyo na siku inayofuata, nyumba za pari zilizo karibu na mahali pa mgao zifungwe. Siku mbili. Ngano, mafuta na dawa vikishanunuliwa, wafungue. Wala si jambo la kuomba Kinshasa. Mkuu wa mtaa na wenye maduka wanaweza kukubaliana wakiwa wamekaa kwenye benchi moja. Na mtoto mwenye shati jeupe na suruali ya bluu asikatiwe tikiti, saa yoyote. Hilo lisihitaji hata mkutano.

Kwa familia zilizowapokea wahami nina ombi dogo. Kijana akipoteza pesa za msaada, msimfukuze. Nimesikia kisa cha mmoja wa Mangina aliyelala sokoni wiki mbili kwa aibu. Kaeni naye, muulizeni swali lile nililocheka nalo peke yangu: hawa farasi wanakimbilia juu ya nini? Mwache atafute jibu mwenyewe. Nilimwona yule wa Kirumba usoni baada ya msichana kunijibu. Alikuwa amesikia. Alikunja tikiti mara nne, akaitia mfukoni badala ya kuitupa, akatoka kwenye mvua.

Jumapili, baada ya ibada ya pili, nilipita tena pale. Yule msichana alinitambua. Nilimuuliza kama mwenye duka angekubali karatasi ukutani. Akasema bosi yuko Kampala, anarudi Alhamisi, na kwamba yeye binafsi hana shida, mradi nilete karatasi na gundi. Karatasi nimeshaandika. Mwenye nyumba ya pari mwingine, Butembo ama Beni, anayetaka nakala, anitafute, nitamletea bure.